Mama Amekuona Ndani ya Filamu Yako

Perry Barr,
Birmingham.
16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Amour,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Tokyo, baridi imeshaanza? Unakula vizuri, au bado unaishi kwa tambi za kikombe? Sisi hatujambo, mafua tu ya watoto. Mama naye mzima, ila magoti yanamsumbua.

Jana nimempeleka kuiona filamu yako. Usishtuke. Najua tangu mazishi ya marehemu baba hapokei simu zako, kwa kuwa hukuja hata kwenye arubaini. Nimemweleza mara ngapi kuwa katuni yenu ya televisheni ilikuwa ikirushwa kila wiki, na wewe mhariri wake huna wa kukushikia kazi. Ananijibu kwamba katuni ndizo baba yako sasa.

Lakini nilipomwambia hii ni filamu nzima, ya kwanza kukabidhiwa wewe tangu ulipoanza pale studio kwa kubeba mikanda na kuchemsha chai, akajifukiza udi na kuvaa buibui la Idi. Kumbe maskini mama wa watu alidhani atakuona wewe mwenyewe kwenye skrini! Filamu imefika kati, ananivuta mkono, mbona hayumo? Nikamnong'oneza kuwa wewe huonekani. Unaletewa michoro, mingine bado ni penseli tu, na wewe ndiye unayeamua kila mmoja ukae muda gani mbele ya watu. Akaguna.

Ikafika pale mtoto anapomuuliza babu yake kama atarudi. Babu hajibu. Anaweka kikombe, anafuta mdomo, anatazama mlango, ndipo anasema ndiyo. Mama akanishika paja.

"Huyo baba yako," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akijibu. Amour hajamsahau."

Alilia, na mimi nikalia, mpaka Asmahan wangu akatuuliza kwa Kiingereza kama tuko sawa. Wallahi nimejivunia wewe! Hata dada wa tiketi nimemwambia kuwa mhariri wa filamu ni ndugu yangu.

Shemeji yako Mbarouk anakusalimu sana, na Asmahan anataka kalamu za rangi za huko. Mungu akulinde ugenini, akuzidishie kazi njema, na akupe usingizi pia.

Basi piga, mdogo wangu. Tangu jana simu haimtoki Mama mkononi. Akienda kutia udhu ananikabidhi mimi, na ananionya nisithubutu kuikosa yako.

Dadako akupendaye kwa moyo wote,
Thuwaiba