Kichura cha Bati

Buyenzi, Bujumbura
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu Bi Mwajuma,

Shikamoo mama. Naanza na salamu kabla ya lolote, maana najua Zaituni ndiye anayekusomea na wewe utamkatiza kumuuliza, "Amenisalimia?" Nimekusalimia, mama. Kifua kinaendeleaje? Je, usiku unapata usingizi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Mwili tu.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mama wa Ujiji anayeuza mawese sokoni Jabe. Unasema mdogo wangu Idi amemaliza shule, anashinda barazani bila kazi, na unataka nimtafutie kazi ya ulinzi kwenye nyumba za Wazungu, ili ndugu wawili tushikane mikono ugenini. Jibu ninalo. Ila nikikuandikia neno moja utasema Shabani amekuwa mchoyo kwa nduguye, kwa hiyo vumilia nikueleze yaliyotupata.

Unajua nilikuja huku kwa ufundi wa magari. Vita vilipochacha na mafuta yakaadimika, gereji za Buyenzi zikabaki kuwa mahali pa kuchezea karata. Nikapata kazi Kinanira, kule mlimani, kwa bibi mmoja Mzungu tunayemwita Madamu. Kazi yenyewe ni kumfundisha mbwa wake na kulinda nyumba pamoja naye. Najua umeguna. Hapa Buyenzi wameshaguna hadi wamechoka. Mwenye nyumba wangu, Mama Fatuma, amenitengea kigoda cha peke yangu, na akinipa chai hukitazama kikombe kama anakiaga. Sibishani naye. Kabla ya kila swala naosha mikono yangu mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa.

Mbwa anaitwa Kaporali, mweusi, mkubwa kama ndama. Madamu alikuja na kidude kutoka kwao, kichura cha bati cha kuchezea watoto. Ukikibonyeza tumboni kinalia tak. Mbwa akifanya ulilotaka unabonyeza, tak, halafu unampa kitu cha kula papo hapo. Sisi tulimpa ndagala, ndio hao dagaa wetu, wakavu, nikiwabeba mfukoni. Hakuna fimbo wala kupiga kelele. Madamu alinionya jambo moja tu, kwamba nisibonyeze bila kulipa, kwa sababu ile sauti ni ahadi. Ikafika mahali Kaporali akisikia tak, hata awe anamfokea mtu ukutani, ananyamaza, anakuja mbio, anakaa mbele yako na kuinua uso. Nilimpenda mbwa yule, mama. Ukinicheka nicheke.

Wageni walipoanza kuukimbia mji, Madamu naye akaondoka. Akatuachia nyumba mimi na mlinzi mwenzangu, mzee Salvatori, na mshahara wetu unapitia kwa jirani mwenye simu. Salvatori alikuwa mtu wa bara, mlima wao, yaani kijiji chao, ulichomwa moto, mkewe yuko kambini. Mkristo, lakini ndiye aliyekuwa akinikumbusha saa ya swala kabla ya mwadhini. Alikuwa na kiti chake cha mbao pale getini, na mchana alikuwa akisinzia hapo bila wasiwasi. Nikimtania, hujibu, "Masikio yangu imechoka, Shabani. Kaporali njo masikio yangu sasa."

Kichura kikaliwa na kutu, siku moja tumbo likapasuka. Nikakipeleka kwa rafiki yangu Hamza, fundi wa hapa Buyenzi. Akakichekelea. "Ile ya Madamu ilikuwa ya watoto," akasema. "Iyi nitakukatia mu resori ya gari, italia mpaka uzeeke." Resori ndiyo springi. Kweli kikalia. Hakikulia tena tak ya bati, kililia tak ya chuma, na kwa siku chache tu Kaporali akakizoea, akawa anakisikia hata akiwa chini bondeni kwenye migomba. Mimi na Hamza tulijisifu sana.

Salvatori peke yake hakufurahi. Akaniambia, "We Shabani, iyi sauti mi siipendi. Inalia sawa bunduki."

Nikamjibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akacheka, akarudi kitini. Mama, natamani ungekuwa umenikata ulimi nikiwa mtoto.

Walikuja alasiri, jua bado kali. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji, natawadha kwa ajili ya swala ya alasiri, na kwa kuwa Kaporali alikuwa amenilamba nilikuwa nimeanzia kwenye udongo. Nikamsikia akifoka mara moja. Nikachungulia. Watu watatu walikuwa wameruka ua, na wa mbele akakoki bunduki. Ilikuwa sauti ile ile ya kichura cha Hamza. Kaporali akanyamaza. Akaenda mbio, akakaa mbele ya yule mtu, akainua uso.

"Ona uyu," mtu yule akasema, "anaomba chakula." Wakacheka.

Kicheko ndicho kilichomwamsha Salvatori. Aliinuka kutoka kitini, hata fimbo hajaishika, wakampiga risasi. Kisha wakaingia ndani, wakachukua walichotaka, wakaondoka kwa kupitia getini kama wageni waliokwisha kula. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya tangi na udongo mikononi. Sikupiga hata ukelele.

Walipokwisha kwenda, Kaporali alinijia, akakaa mbele yangu. Alikuwa amesikia ahadi na hakuna aliyemlipa. Nikatia mkono mfukoni, nikampa ndagala. Usiniulize kwa nini, sijui.

Mkewe Salvatori alikuja kutoka kambini tukamzika. Akaniuliza, "Mbwa hakulia?" Nikamweleza yote, kichura na resori na mzaha wangu. Akamtazama Kaporali, kisha akasema, "Basi alikuwa anangoja chakula." Akachukua koti la mumewe, akarudi kambini kwa miguu. Afadhali angenitukana.

Nimejaribu kuitoa ile sauti kichwani mwa mbwa. Haitoki. Madamu alinifundisha kuitia, hakunifundisha kuitoa. Askari wa kizuizi cha pale kona wakibadilishana zamu na kukoki bunduki zao, Kaporali anaamka, anakwenda getini, anakaa. Nami naosha mikono mara saba, kisha naosha tena, na siku hizi sijui naosha nini. Mama, nimekata tamaa. Nakuandikia hivyo waziwazi kwa kuwa wewe ndiye mama yangu. Nabaki kwa sababu dawa zako zinatoka hapa na sioni zitatoka wapi pengine.

Nisalimie dada Zaituni, macho yako na yangu. Msalimie mjomba Kassimu, fundi nyavu, mwambie uzi alioagiza haupatikani. Nisalimie bibi mzaa baba, na mwalimu wangu wa chuoni, aniombee, na amwombee Salvatori pia kama kwake inafaa.

Sasa jibu lako. Juzi Madamu alipiga simu kwa jirani. Alilia, kisha akasema nitafute mlinzi mwingine, ikiwezekana ndugu yangu, mtu ninayemwamini. Kwa hiyo kazi uliyomwombea Idi ipo, na mshahara upo. Kiti kiko pale pale getini, nimekiosha, na Kaporali analala chini yake.

Idi asije.

Ni mimi mwanao,
Shabani