Kofia ya Plastiki Kichwani mwa Njeri

Kamere, Naivasha

Mama mpendwa,

Magoti yako yanaendeleaje? Mvua imefika huko Kitui, ama bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima, ila ya jana hayajanitoka akilini. Wewe ni msusi, kwa hivyo habari hii itakuudhi: jana nilimnyoa msichana nywele zilizosukwa siku nzima kwa ajili ya ruracio yake, sherehe ya kuletewa mahari.

Anaitwa Njeri, anafanya kazi kwenye shamba la maua. Bomba la dawa ya wadudu lilipasuka likammwagia kichwani. Wenzake walimvua nguo, wakamwosha kwa sabuni, wakamleta mbio hapa hospitalini. Lakini walizionea huruma zile nywele. Kabla ya kummwagia maji walimvisha kofia ya plastiki ya kuogea, na dawa ilikuwa imeshaingia kwenye misuko.

Alipofika, povu lilikuwa linamtoka mdomoni, jasho linatiririka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Dalili hizo tunazijua sana hapa. Tulimpa oksijeni, tukamdunga atropini, dawa ya kukausha majimaji yanayojaa kifuani, tukarudia mpaka kifua kikakauka. Nikashusha pumzi. Muda si muda kikaanza kukoroma tena. Tukamdunga, akatulia, akarudi pale pale. Mama, niliogopa. Msichana alikuwa anazama kwenye mate yake mwenyewe nami nimemshika mkono.

"Sumu bado inamwingia," daktari akasema. "Lakini inatoka wapi, na ameoshwa?"

Sote tukaitazama ile kofia. Nilipoivua, harufu ilinichoma macho.

Nikachukua mkasi. Shangazi yake, aliyekuwa amefika kumwona, akanishika mkono. "Sister, hapana! Kesho ni ruracio, wageni washatoka Nyahururu. Atasimama aje mbele ya watu na kichwa hivyo?"

"Mathe, niachilie. Hizi nywele ndizo zinamuua."

Hakuniachilia. Kisha pumzi zikamkwama Njeri, midomo ikageuka rangi. Shangazi akaniachilia, akageukia ukutani asione. Nilikata, nikanyoa, nikaosha kichwa tena na tena, glavu zikiteleza. Tukamdunga atropini, na safari hii kifua kikabaki kikavu.

Leo asubuhi alijipapasa kichwa akauliza ni nani aliyemfanyia vile. Nikasema ni mimi. Alilia wodi nzima ikageuka, akaniita majina ambayo siwezi kukuandikia. Mimi nilisimama pale nikitokwa na machozi ya furaha, maana jana hakuwa na pumzi hata ya kutaja jina lake. Ruracio imesogezwa mbele, na wageni wamekuja kumwona hapa wodini.

Nisalimie Baba, na shangazi yangu wa pale sokoni. Kaka naye msalimie, lakini kwanza mwambie ile dawa ya kupe aliyoitia kwenye chupa ya soda aitoe jikoni leo, kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Mama, tafadhali, usingoje aitoe yeye.

Ni mimi binti yako,
Mwende