Kipande cha Ulimi

Jumatatu, 3 Machi

Shingo imekakamaa. Siku nzima nimeinamia darubini. Hospitali nzima, anayesoma vipande vya nyama ni mimi tu — mwenzangu alistaafu, na nafasi yake "inashughulikiwa". Inashughulikiwa! Kila uvimbe unaokatwa humu ndani lazima upite chini ya macho yangu haya, ndiyo yanayosema nani akapasuliwe na nani arudi kwake.

Leo kulikuwa na ulimi. Kipande kidogo, kimekatwa juu juu. Seli zimevurugika, zinashuka chini kama mizizi. Nimeandika saratani, nikachukua kioo kingine, chenye kipande cha mtu mwingine.

Huo ulimi nimeuandikisha kwa kikao cha Alhamisi, kile cha skrini, na wenzetu wa ng'ambo ya mipaka. Nchi tatu, kila mtu na utaalamu wake, mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Jina hatulitaji, ni namba tu. Mpasuaji wetu — tunamwita Kisu, naye anajua na anafurahi — ameshampangia siku ya thieta, Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Nusu ya ulimi itatoka.

Nyumbani kimya. Mama mkwe analalamika jino, tangu juma lililopita ni maziwa ya uvuguvugu tu. Mume wangu kaninong'oneza: angalau masikio yamepata likizo. Tukacheka kama watoto watundu.

Jumatano, 5 Machi

Si jino.

Kanifuata jikoni, kafunga mlango. "Kaa, mwanangu." Huyu mama hajawahi kuniambia nikae! Kusimama amezoea kuniona, na kuniambia nimesimama vibaya.

Ana kidonda ubavuni mwa ulimi, kimegoma kupona. Alikwenda hospitalini kwetu na shoga yake, akajiandikisha kwa jina la marehemu baba yake, ili maneno yasinifikie mimi wala mwanawe. Wakamkata kipande. Sasa amechoka kungoja majibu. "Wahimize wenzako. Hao watu wa maabara wazembe sana."

Watu wa maabara! Mama, ni mimi. Tangu mwezi uliopita umekuja ulimi mmoja tu.

Sikusema. Nilinyanyuka nikaanza kuchota maji, sijui ya nini. Ndoo ikajaa, ikamwagika, naye ananitazama tu.

Ulimi huu! Siku nilipoletwa hapa kama bibi harusi, ulisema mbele ya wageni wote kwamba nimekonda kama ufito. Umenisema kwa chumvi, kwa nywele, kwa kulala sana. Na ulimi huohuo ulisimama mbele ya ukoo mzima, wazee wakinuna, ukasema mke wa mwanangu akitaka kusoma atasoma, watoto nitalea mimi. Bila ulimi huu mimi nisingegusa darubini.

Kaniapisha nisimwambie mume wangu. Eti yule hana moyo wa mambo haya, atazimia kabla ya mgonjwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Kawaida yetu. Nusu ya saa inaishia kwenye "mnanisikia?"

Namba yake ikafika. Nikaonyesha picha. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Kisu alitaka kupita haraka, kwake hapana la kujadili. Ndipo msomaji mwenzangu wa ng'ambo akaingilia. Tunamwita Taratibu, maana hana sentensi isiyoanza na "taratibu, jamani". Akasema anaona wasiwasi. Kuna uvimbe mwingine wa ulimi, si saratani kabisa, unaojificha chini, na ngozi ya juu yake hubadilika ikafanana na saratani. Ukikata juu juu utaiona ngozi, wenyewe hutauona. Amewahi kumwona mtu aliyepoteza ulimi kwa kosa hilo. Uvimbe wenyewe ungetolewa kwa mkato mdogo, mtu akarudi kwake akila na kuongea. Akaomba apelekewe kipande akipime tena.

Kisu akacheka. Na ikiwa ni saratani? Saratani haingoji mzigo upite forodhani!

Mwenyekiti — daktari wa mionzi, yuko nchi ya tatu, mama mwenye sauti ya pole isiyopingwa — akaamua: kipande kiende kwa Taratibu, anayo dawa ya kukipaka, inayoutia rangi uvimbe huo, ambayo sisi hatuna. Alhamisi ijayo tuamue.

Tuna kanuni. Mwenye ndugu kati ya wagonjwa aseme, atoke. Kanuni hiyo nilishiriki kuitunga mwenyewe. Na leo nilikaa kimya, kiti kinaniunguza.

Nani angebaki upande wetu? Kisu, na kisu chake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekitazama tena kile kioo. Na tena. Sasa naona anachokiona Taratibu. Ile mizizi ina ncha laini mno, seli zake zimetulia mno kwa saratani.

Au natamani iwe hivyo? Jumatatu niliona ulimi. Leo namwona Mama. Jicho ni lilelile, lakini siliamini tena.

Kipande kimeondoka na gari la mizigo ndani ya kijiboksi nilichokifunga mwenyewe, gundi juu ya gundi. Kikipotea njiani hatuna kingine. Dereva akaniuliza dada, humu mna dhahabu?

Jumapili, 9 Machi

Wanangu wameanza kuogopa. Mdogo kaniuliza kwa nini Bibi hagombi siku hizi. Mume wangu naye hacheki tena. Anamtazama mama yake anavyomeza, halafu ananitazama mimi. Nikajifanya natafuta kijiko.

Nilipokuwa naanika nguo Mama akaja polepole nyuma yangu.

"Hakuna habari?"

"Bado, Mama."

"Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Sasa wanachelewa kukata nini?"

Akacheka mwenyewe, kisha akashika shavu kwa maumivu. Nilijificha nyuma ya shuka nikalia. Nampenda huyu mwanamke. Sijui nimeanza lini.

Jumanne, 11 Machi

Taratibu kapiga simu. Kipande kimefika salama, kakipaka ile dawa — na hakuna kitu! Si kwamba amekosea. Kipande ni cha juu mno, hakikufika kwenye nyama ya chini. Jibu halimo ndani yake, hata tungekipeleka mwisho wa dunia.

Anataka kipande kingine kikatwe, chini zaidi. Maana yake Jumatatu ya thieta ipite, na Kisu amejaa hadi mwisho wa mwezi ujao. Kama si saratani, tumeuokoa ulimi. Kama ni saratani, tumeipa muda wa kutambaa hadi shingoni, na hapo hatuzungumzii ulimi tena.

Nikamuuliza ana uhakika kiasi gani. Akavuta pumzi. Taratibu, jamani… anaegemea upande wa si saratani, lakini haapi. Na wewe? Wewe ndiye uliyeona kwanza. Kikao kitakusikiliza wewe.

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno kabisa. Nikasema nitafikiri, nikamuuliza hali ya hewa huko kwao. Hali ya hewa!

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa stoo ya maabara, nimekalia ndoo ya dawa. Wamenipa dakika kumi.

Ilikuwa hivi. Kisu akasema lake, Taratibu akasema lake, sauti zikapanda. Mwenyekiti akawanyamazisha. Akasema vioo amevitazama vya kutosha, ulimi wenyewe hajauona. Mgonjwa aletwe.

Alikuwa benchi la nje, amekuja mwenyewe kufuata majibu. Aliletwa. Amevaa ile nguo yake ya harusi za watu. Hakunitazama. Akaketi mbele ya skrini akawasalimu wote, nchi moja baada ya nyingine, akawauliza hali za watoto, akamuuliza Taratibu mbona amekonda hivyo, hana mke? Wataalamu wa nchi tatu wanajibu kama wanafunzi! Halafu akafungua kinywa, akautoa ulimi, kamera ikasogezwa. Kile kidonda, kwa mara ya kwanza, bila darubini. Kidogo! Ukingo wake mweupe.

Mwenyekiti akamweleza njia mbili, wazi kabisa, bila kumficha. Akatwe Jumatatu. Au kitolewe kipande kimoja zaidi, angoje, na kungoja kuna hatari yake. Akamwambia aliyesoma kipande cha kwanza alisema saratani.

"Na leo anasemaje huyo?" akauliza Mama.

Mwenyekiti akaniita. Daktari, bado unasimama na jibu lako?

Nikafungua mdomo, Mama akanitangulia. Akanigeukia, akaninyooshea mkono kama anayenitambulisha shereheni.

"Atakalosema huyu, mimi nalifuata. Huyu ni mke wa mwanangu."

Mtandao ambao hukatika kila Alhamisi ulitulia kama maji mtungini. Kila uso nikauona. Taratibu amefunga macho. Kisu akanitazama, si kwa hasira — kama mtu aliyeibiwa na jirani yake. Akasema pole pole kwamba juma zima amebishana mbele ya familia ya mgonjwa bila kujua. Ana haki.

Mwenyekiti hakupandisha sauti. Kwa kanuni ningetoka tangu mwanzo. Lakini mgonjwa amenitaja, na kinywa ni chake. Dakika kumi. Kisha niwaambie: ninarudi kama daktari au kama mkwe?

Ningekuwa simjui, ningesemaje? Ningesema kateni kipande kingine, chini zaidi. Nadhani. Jumatatu ile nilikuwa simjui, na niliandika saratani, wala sikufikiria mara mbili. Sasa lipi ni jicho na upi ni moyo? Nikikosea huku, namnyamazisha bure. Nikikosea kule, namzika. Na jioni nitakaa naye meza moja, na mume wangu ataniuliza.

Ukutani namsikia. Anamwambia Kisu akae wima, mgongo utapinda akiwa bado kijana. Kisu anasema ndiyo, Mama. Maneno yake yote mazima, hata moja halijakwaruzika.

Kiti kimesogezwa. Ni hatua zake hizo.

Anagonga.

"Mwanangu. Nilijua ni wewe tangu ulipoyamwaga yale maji jikoni. Toka. Wageni wanangoja."