Kozi Niliyoozwa Siku ya Tatu ya Msiba Wako

Mama,

Shikamoo. Huko uliko najua hakuna posta, lakini wa kumsimulia nimemkosa, na hili likinikaa rohoni litaoza.

Wazo langu ulikuwa unalijua weye peke yako: nimechoka kusomesha jiografia hapa Ibra, nataka udaktari. Nilikwambia kuna kozi za matayarisho kwa watu kama mie, wenye digrii za mambo mengine, wasiojua kemia hata ya chumvi. Nilikuwa nimepata mbili. Ukanambia, "Chagua, lakini usichague kwa picha."

Basi sikia. Siku ya tatu ya msiba, Ami Seif, ndugu wa Baba, kaja kutoka Manah na bwana mmoja, wakala wa ile kozi ya kwanza; nani kawadokezea wazo langu, sijui. Mtu kaja matangani na mkoba wa vitabu vya rangi, Mama! Kala haluwa ya msiba wako, kafuta vidole, kisha Ami akaniita mlangoni. "Binti yangu, hii mwaka mmoja tu, na nafasi ya udaktari imeshahakikishwa." Wakala akaongeza, "Hakuna maabara, hakuna usumbufu," kama anayesifu nyumba isiyo na panya.

Mie nalia. Sikujibu kitu. Ami akawageukia watu: "Kanyamaza. Karidhia." Wallahi, kama mwari anayeulizwa kuhusu mume! Mchana ule ule akatoa vyeti vyangu kabatini, vile halisi, akampa wakala avikague, kisha akavichukua kwake Manah.

Kinyaa kilinishika wiki nzima. Kile kitabu alichoniachia wakala nimekisoma mara nne, unajua tabia yangu, nasoma hata karatasi iliyofungiwa mandazi. Ukurasa wa tatu kuna msichana wa koti jeupe, mwanafunzi. Ukurasa wa tisa ni yeye yule, koti lile lile, kishakuwa mwalimu. Anuani ya chuo ni sanduku la posta tu.

Kozi ya pili iko Maskati. Miaka miwili, hawakuhakikishii kitu, na kila wiki wanakupeleka wodini kugeuza wagonjwa na kumwaga mikojo. Ami alipoisikia alisema, "Astaghfirullah! Kazi ya mayaya." Nikamkumbuka yule daktari wa Kisudani, alivyokunja mikono ya nguo akakugeuza mwenyewe, asingoje nesi. Ulinambia, "Huyu kanishika mie. Wa jana alishika karatasi." Nadhani nilichagua pale pale kitandani kwako, ila mdomo ulikuwa bado.

Maskati hawampokei mtu bila ya vyeti halisi, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatano. Jumanne nikapanda teksi mpaka Manah. Nikamkuta Ami majlisi, na wakala yule yule, sahani ya tende katikati yao. Nikamwamkia. Nikasema, "Ami, mie sikuridhia. Nilikuwa namlilia mama yangu."

"Ulinyamaza."

"Hata Mama alinyamaza siku ile, Ami. Naye kaikubali kozi?"

Wakala tende ikamkaa shavuni, haiendi mbele wala hairudi. Ami akaingia ndani, akarudi na bahasha ya vyeti vyangu, akaitupa juu ya zulia. "Mama yako hakukufunza haya."

Nikaiokota. Wala sikukasirika. Amekutaja, na wiki nzima hakuna aliyekutaja mbele yangu.

Jina langu sasa limeandikwa Maskati, Jumamosi naanza. Naogopa, Mama. Kemia bado inanipiga chenga, na naweza kufeli mbele ya kila aliyekula haluwa yako. Ami hanisemeshi.

Pumzika, Mama yangu, Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi Idi nitakwenda Manah, nitambusu Ami mkono kama ulivyonilea. Na akiniuliza habari za kozi nitamweleza yote, moja moja, mpaka mwenyewe aniombe ninyamaze.

Mwanao