Mkunjo wa Mfuko wa Saruji

Jumamosi, Mikumi. Mvua ya asubuhi imekatika na jua limewaka. Natamani lingebaki mawinguni, nisione vizuri kilichoko mezani.

Kesho mdogo wangu Agnesi anapata kipaimara. Gauni lake nimeliharibu.

Mama yuko Kilosa, anamuuguza bibi hospitalini. Kabla hajaondoka alitaka kupeleka kitambaa kwa fundi. Mimi ndiye niliyesema, "Niachie mama, naweza." Mimi, ambaye darasani sinyooshi mkono hata nikiwa na jibu! Kisa nimesoma kitabu kizima cha ushonaji.

Kitabu kinasema uanze na pateni, yaani uchore vipande vya nguo kwenye karatasi kabla ya kugusa kitambaa. Karatasi yenyewe hapa sijaiona dukani. Nilijaribu gazeti, likachanika kwenye duara la kwapa na kuniachia vidole vyeusi. Nikaogopa kulilaza juu ya kitambaa cheupe. Kalenda ya zamani ilitosha mikono tu. Ndipo nikaomba mfuko mtupu wa saruji kwa jirani anayejenga, nikaupasua na kuchukua karatasi ya ndani. Safi, pana, ngumu, tena ya bure.

Nilijiona nina akili sana.

Kipande cha mbele huchorwa nusu. Upande wa katikati unaulaza kwenye mkunjo wa kitambaa, ukikata unapata kipande kizima. Lakini mfuko wa saruji una mkunjo wake wa kiwandani, na huo ulipita ubavuni mwa mchoro wangu. Nikaona mstari ulionyooka, nikadhani ndio katikati, nikaulaza kwenye mkunjo wa kitambaa.

Nikakata.

Agnesi alikuja kuchungulia. "Dada, hili gauni la mbuzi? Mbona matundu ya mikono yako katikati ya kifua?"

Alicheka peke yake. Aliponiona usoni akauliza polepole, "Lakini si utashona tu? Ulisema unajua."

Kitambaa kingine hakuna. Simu nimeishika na kuiweka. Nitamwambiaje mama, akiwa kando ya kitanda cha bibi?

Ng'ambo ya barabara kuu yuko yule fundi. Barazani kwake hapakosi watu wa kupiga soga, na mimi nikipita pale huwa natazama chini hadi nimalize. Leo itabidi nisimame katikati yao na kukunjua kitambaa hiki, wote wakione.

Agnesi ameshavaa ndala, ananisubiri mlangoni. Nikishachapisha haya hapa bloguni tunavuka. Maneno nimeyafanyia mazoezi:

Shikamoo, fundi. Nimekosea kukata. Naomba unisaidie, kipaimara ni kesho.