Nyumba Niliyomjengea Inspekta

Kilosa,
Jumapili, 14 Novemba 1993.
Asubuhi: mawingu mazito upande wa milimani, upepo kidogo, mvua bado.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani pako, kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, nikiomba barua hii ikukute unazidi kupata nafuu. Irine aliniandikia kwamba jicho la kulia limeshafunguliwa baada ya upasuaji na kwamba uliweza kuhesabu madirisha ya nyumba ya jirani. Mstari huo nimeusoma mara tatu. Kwa kuwa la kushoto bado lina bandeji na umekatazwa kusoma, atakusomea yeye. Irine mdogo wangu, soma polepole, na usiruke mstari wowote hata ukiniona mjinga.

Hapa nyumbani tu wazima. Bibi Ziada anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua, lakini mdomo hauna tatizo lolote. Pale karakana ya reli watu wanaendelea kupewa barua za kupunguzwa kazi. Casmir, yule kijana uliyemfundisha kukaza mataruma, alipata yake Jumatano, na sasa anasema atauza mitumba kama wenzake wote.

Najua, Baba, kwamba habari unayoisubiri ni ya Inspekta. Nimekuwa nikikuficha kwamba aliugua. Sasa hajambo, ndiyo maana nimepata nguvu ya kuandika, lakini nitakueleza kwa tarehe kama nilivyoandika kwenye daftari langu, kwa sababu nikianza kueleza bila tarehe nitajitetea.

Uliondoka Jumatatu tarehe 4 Oktoba. Tarehe 16 nilimaliza kumjengea ile nyumba niliyokuarifu: ukuta wa matofali hadi kifuani, sakafu ya saruji, wavu juu, na nusu ya paa bati ili apate kivuli. Kila asubuhi niliiosha kwa sabuni. Nilimpa nyama ya kusaga, laini, isiyo na mfupa, na maji kwenye bakuli la bati. Wiki ya kwanza alikula. Tarehe 24 alikataa. Tarehe 25 nilimpa mayai mawili, akayapita kama mawe. Tarehe 27 alianza kukwaruza sakafu, pembe hii hadi ile, mchana kutwa, na tarehe 29 niliona damu kwenye kucha zake. Tumbo lilikuwa limevimba pande zote mbili, lakini mkia umekonda na macho yamezama. Bibi Ziada alisema ni kufunga choo, akaniagiza nimnyweshe maji ya chumvi vuguvugu. Nilimwambia amnyweshe yeye. Akajibu kwamba amezaa watoto saba na hajawahi kumnywesha kenge, hawezi kuanza uzeeni.

Tarehe 4 mwezi huu nilipanda gari la vitunguu lililotoka Lumuma, dereva akaniweka mbele, nikashuka Mikumi kumtafuta rafiki yako Mzee Ditram, yule aliyekuwa askari wa wanyamapori. Sasa amestaafu na anafuga kuku nyuma ya nyumba za barabara kuu. Nilimkuta anatengeneza banda. Nilipomtajia jina lako alinipa kigoda na chai kabla hajauliza kilichonileta. Nilifungua daftari nikamsomea kila siku moja moja, na yeye akasikiliza amefumba macho, kama daktari anayesikiliza kifua.

Nilipomaliza aliniuliza kwanza sakafu ni ya nini. Nikajibu saruji. Akauliza kama Inspekta aliwahi kutoweka nyumbani mwaka huu. Nikapekua nyuma, nikaikuta: kuanzia tarehe 6 hadi 14 Septemba, siku tisa, wewe ukimtafuta kandokando ya reli hadi daraja la Mkondoa na macho yako yale yenye ukungu, ukirudi jioni mikono mitupu. Mzee Ditram alicheka hadi akakohoa. Alipoacha kukohoa sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema nimemfungia mama mjamzito kwenye ukumbi wa benki, nikampa uji wa mgonjwa, halafu nashangaa kwa nini anakwaruza sakafu.

Baba, Inspekta ni jike.

Miaka kumi na moja tumemwita Bwana Inspekta kwa sababu alikagua reli akitikisa kichwa kama mzungu wa zamani wa njia, na muda wote huo alikuwa mwanamke. Mzee Ditram aliniambia kwamba kenge jike hatagi juu ya sakafu. Atashikilia mayai tumboni akitafuta udongo, na akiukosa atakufa nayo. Alinieleza la kufanya na nikaandika: udongo wa kina cha goti, uliochanganywa na mchanga, wenye unyevu wa kushikana mkononi bila kutoa maji. Jua la asubuhi limpige moja kwa moja, na pembeni pawe na kivuli cha kukimbilia. Karai la maji analoweza kuingia mwili mzima. Chakula kiwe mnyama kamili, panya au kifaranga, na mifupa yake na manyoya yake, kwa kuwa kinachojenga ganda la yai hakimo kwenye nyama ya kusaga. Mwisho akasema nisisimame kumtazama. Aliponisindikiza barabarani aliongeza kwamba labda nimechelewa, na kwamba nisikulaumu wewe kwa kutojua, maana hata yeye miaka ishirini porini alimwona mmoja tu akitaga.

Tarehe 5 Casmir alikuja na sururu na tukaivunja sakafu. Tulichota udongo kwenye kichuguu kilichobomoka nyuma ya bohari na mchanga mtoni, safari kumi na nne za toroli. Tarehe 6 na 7 hakufanya kitu, alilala tu juu ya udongo amefumba macho, nikaamini kwamba nimemuua. Tarehe 8 alikunywa maji.

Jumanne tarehe 9, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, nilisikia udongo ukirushwa ukutani. Nililala kifudifudi nyuma ya pipa la maji ili asinione, Mungu anisamehe kwa kutomtii Mzee Ditram. Alichimba kwa mikono ya mbele, mkono wa kulia mara nyingi, kisha wa kushoto, akipumzika kati, hadi ukabaki mkia tu nje. Akatoka, akageuka, akaingia kinyumenyume. Halafu akatulia, uso wake ukinielekea, na kila baada ya muda mwili wote ulikakamaa kuanzia shingoni, akafumba macho, akayafumbua. Hakutoa sauti. Mimi nilikuwapo wodini Irine alipojifungua, na ninakuambia nilikiona kitu kilekile. Jogoo wa Bibi Ziada aliwika, treni ya mizigo ikapita na ardhi ikatetemeka chini ya tumbo langu, yeye hakupepesa. Nilijiona mdogo sana, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya misa akiwa na ndoo mkononi.

Yale maneno mawili ya Kifipa unayomwambia kila jioni ukirudi, nilijikuta nayasema, kwa sauti ya chini. Sijui maana yake. Hukunifundisha lugha hiyo.

Saa sita na robo alitoka, akafukia, kisha akaushindilia udongo kwa pua yake, akigonga, akigonga, mpaka pakawa kana kwamba hapajaguswa. Ngozi ya tumbo ilimning'inia kama gunia tupu. Alikwenda majini akazama hadi machoni. Baadaye nilifukua kidogo sana kwa kijiko nikayaona ya juu: meupe, marefu, laini kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Niliyoweza kuyahesabu bila kuyageuza ni kumi na saba. Nikafukia. Jioni alikula panya mzima wa bohari, na tangu siku hiyo anakula.

Irine, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Baba, katika barua yako ya mwezi uliopita ulinishukuru kwa ile nyumba. Ulisema nimekua, na kwamba sasa unaweza kulala ukijua kuna anayempenda Inspekta nyumbani. Barua hiyo niliikunja nikaiweka chini ya godoro kwa sababu sikuweza kuitazama. Ile saruji sikupewa na Bibi Ziada kama nilivyokuandikia. Nilipewa na mtu anayeitwa Goodhope. Ni kijana wa Morogoro anayezunguka vijijini akinunua kobe, vinyonga na kenge kwa ajili ya kampuni inayowapeleka Ulaya kwa ndege, kazi ambayo siku hizi kila mtu anaifanya. Alikuja tarehe 7 Oktoba, siku ya tatu baada ya wewe kuondoka. Alitaka Inspekta afungiwe mahali safi asiweze kuchimba, alishwe nyama laini anone, naye atamchukua tarehe 13 Novemba. Nilikubali siku ileile. Nilikusudia kukuambia kwamba alitoroka.

Haikuwa kwa ajili ya pesa, ingawa ningezipokea. Tangu nikiwa darasa la sita wananiita dada yake kenge. Lakini si hilo pia. Wewe ulikuwa ukirudi kazini unapita mlangoni, unaniitikia marahaba, halafu unakwenda nyuma ya jiko, kwenye rundo la mataruma alikokuwa akilala Inspekta, na kuongea naye nusu saa kwa lugha ya kwenu. Nilisikia kupitia dirishani. Nusu saa hiyo niliitaka mimi.

Jana Goodhope alikuja na kreti lenye wavu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa sijaamua. Lakini aliposimama ukumbini na kuuliza mzigo uko wapi, nilimpeleka nyuma, nikamwonyesha udongo ulioshindiliwa, nikamwambia nimemzika pale. Alivua kofia, Baba. Bibi Ziada, ambaye anajua kila kitu, alikaa kwenye kigoda chake akamwitikia kwa sauti ya msibani kwamba marehemu alikuwa na adabu kuliko watu wengi wa mtaa huu. Goodhope alinipa pole, akanywa chai, akapakia kreti lake tupu. Muda wote huo Inspekta alikuwa chini ya kitanda chako.

Hayo ndiyo niliyofanya, la kwanza na la pili. Sikuombi uyapime sasa, subiri jicho la kushoto lifunguliwe. Mzee Ditram anasema mayai yatachukua miezi minne, mitano, pengine zaidi, kwa hiyo yataanguliwa wakati wa masika nawe utakuwapo ukiona vizuri. Nyumba nimeiacha bila mlango. Ukija, naomba uniambie yale maneno mawili yana maana gani, na kama yanaweza kuambiwa mtu.

Msalimie shemeji na mtoto. Mzee Ditram anasema uache ubahili, umtembelee Mikumi. Mungu akulinde wewe na macho yako.

Mwanao akupendaye,
Hildegarda Kasian

N.B. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda posta. Jana niliifunga bahasha hii, leo nimeifungua tena kuongeza hili. Tangu uondoke nilikuwa naegemeza kiti mlangoni mwa chumba changu kwa kumwogopa Inspekta, hata alipokuwa amefungiwa. Jana sikukiweka. Alikuja akalala kizingitini, nikamsikia anapumua. Nilipata usingizi saa nne kasoro robo.