Chumba cha Nairobi

Inyonga,
9 Februari 1999

Mdogo wangu Faustini,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Mahindi yanakwenda vizuri, na shemeji yako Machibya amerudi kutoka porini na asali ya kutosha. Barua yako imefika pamoja na karatasi ya ile hoteli ya Nairobi uliyoitafuta kwenye kompyuta ya ofisini kwenu. Nilimsomea mama yote: kwamba ukiweka nafasi mapema bei inashuka hadi nusu, kwamba ni karibu na hospitali atakakopasuliwa koo, na kwamba maji ya moto yanatoka bombani. Akaniuliza, "Edina, huko wataniruhusu nilale na khanga yangu?" Tangu siku hiyo begi lake liko mlangoni.

Faustini, juzi tulikwenda Mpanda kuchukua barua ya rufaa. Daktari aliniita peke yangu. Alisema uvimbe umeshafika kwenye mapafu, hakuna wa kuupasua tena, nimrudishe nyumbani ale anachotaka. Hata uji sasa haupiti.

Waambie wa hoteli wasituwekee chumba. Ila usiliandike hili la daktari, maana nikiwa shambani jirani yetu Scola ndiye anayemsomea barua zako. Njoo mwenyewe, na uje upesi.

Mama ameketi hapa ubavuni mwangu. Anadhani nakuandikia siku ya safari. Amesema nikushukuru kwa kumtafutia chumba kizuri.

Ni mimi dada yako,
Edina